Kabla Barabara Haijafunguka

Jumatatu, 1 Aprili 1985

Fungu la saba limekwisha kuingia kwenye kompyuta. Mistari mia na kumi na nane. Umeme ulikuja saa tatu na robo badala ya saa tatu kamili, nikalaani, nikakaa, nikaanza. Sasa vidole vinauma na macho yanawasha. Fungu nimelihifadhi kwenye kaseti mara mbili, upande wa kwanza na wa pili, maana kaseti zenyewe ni za taarabu za mume wangu na siziamini. Yeye yuko Mtwara, kazini bandarini. Hajui kwamba nimezifuta nyimbo zake. Atajua akija.

Yamebaki mafungu matano kati ya kumi na mawili.

Wifi anasema nimekonda. Nimemuuliza nani amenenepa Lindi mwaka huu.

Jumanne, 2 Aprili

Hakuna umeme. Zamu ya mtaa wetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Dizeli ya mtambo haitoshi.

Nimeisoma tena ile barua. Naijua kwa moyo lakini naisoma. Ofisi ya vifaa, Dar es Salaam, itatuma lori kukusanya vifaa vyote "vilivyolala" mashuleni, mara barabara itakapopitika. Rufiji imefurika tangu Februari na hakuna gari lililotoka Dar kuja kusini. Kwa hiyo nina muda mpaka mvua iishe. Wiki mbili, wiki sita, hakuna anayejua.

Na kompyuta ya shule yetu imelala. Imelala fofofo. Yule mwalimu mgeni wa hisabati aliyetuachia alipomaliza mkataba aliacha na kaseti yenye programu mama, ile inayoiamsha mashine na kuiambia kipi kiko wapi. Stoo ya maabara ilivuja, kaseti ikaota kuvu. Bila programu mama mashine inajua kitu kimoja tu: kupokea mistari unayoiandika, kuiweka kwenye kaseti na kuigeuza kuwa lugha yake. Basi.

Lakini aliacha pia kitabu. Jalada la kijani, kurasa tisini na sita, na ndani yake programu mama nzima, mstari kwa mstari, imechapwa. Aliyeitunga hakuificha. Ameandika mwanzoni kwamba yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuitumia na kumpa mwenzake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Niliposoma sentensi hiyo Januari nililia. Labda kwa sababu kila kitu kingine siku hizi kina foleni na kibali.

Nataka ibaki hapa. Nina miaka arobaini na moja, nafundisha logaridhimu tangu nina ishirini na mbili, na hii ni mara ya kwanza kukutana na kitu kinachonizidi akili lakini kinakubali kufunguliwa. Wakiichukua sitaiona nyingine. Mwalimu Mkuu ameniambia wazi kwamba ikiwa macho siku lori linafika, hana sababu ya kuitoa. Kama haiko macho, hana sababu ya kuizuia.

Jumatano, 3 Aprili

Fungu la nane. Wifi kaniletea mihogo maabara, akanikuta nimeweka rula juu ya kitabu, naangalia kitabu, naangalia kioo cha televisheni iliyounganishwa na mashine, naangalia kitabu. Akaweka mihogo chini. Halafu akasema, "Unajisahihisha mwenyewe? Nani kakufundisha hivyo?"

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ametoka Kilwa Kivinje mwaka juzi kuja kukaa nasi, na barazani kwetu anasomesha wasichana chuo. Kurani anaijua nyingi kichwani, sijui ni juzuu ngapi, haulizwi. Kiingereza hajui hata neno. Herufi za kizungu alizipata kwenye kisomo cha watu wazima na cheti chake kimetundikwa sebuleni, juu kuliko picha ya harusi yangu.

Akavuta stuli. Akakichukua kitabu, akatoa kijiti chake cha kusomeshea kwenye mkunjo wa khanga, akalisoma fungu lote kwa sauti. Herufi moja moja, namba moja moja, kwa mahadhi yale yale ya chuo. Mara tatu. Nilitaka kumkatiza, umeme unakwenda. Kisha akakifunga kitabu, akaniambia, "Haya, soma chako."

Nikasoma kilichoandikwa kwenye kioo. Akasikiliza amefumba macho. Kila nilipokosea akagonga meza kwa kijiti.

Kagonga mara tisa. Fungu hilo nilikuwa nimelipitia mara mbili kwa rula.

Ijumaa, 12 Aprili

Mafungu yote kumi na mawili yamekwisha, na ya mwanzo saba tumeyarudia kwa njia ya wifi. Tulikuta makosa arobaini na kitu. Naona haya. Nilikuwa tayari kuunda programu juu ya uchafu ule.

Mvua usiku kucha. Nimeamka nikashukuru. Kisha nimekwenda duka la ushirika: sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, sukari wanaijua wenyewe. Kila mtu anaomba barabara ifunguke. Mama mmoja kwenye foleni, mtoto mgongoni ana upele mwili mzima, alisema kama mvua hii ikiendelea wiki moja tena atamwogesha mwanawe kwa majivu. Nikasema inshallah itakatika. Nilikuwa nasema uongo mdomoni mwangu mwenyewe. Nataka inyeshe. Nataka Rufiji ijae mpaka Juni.

Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani, na bado nataka.

Jumatatu, 15 Aprili

Kuunda kwa mara ya kwanza. Unaweka kaseti ya fungu la kwanza, mashine inasoma. Ya pili. Ya tatu. Mpaka ya kumi na mbili. Halafu inataka kuzisoma zote upya tangu mwanzo, ndipo iandike programu iliyokamilika kwenye kaseti mpya. Inachukua saa tatu na dakika ishirini. Umeme wetu ni wa saa nne. Huwezi kwenda kujisaidia.

Fungu la tano ikasimama. Kosa. Namba ya mstari na alama ya kuuliza.

Nikarekebisha. Ikasimama tena fungu la sita. Nikarekebisha. Saa saba umeme ukaondoka.

Jumatano, 17 Aprili

Raundi ya kwanza ilipita yote bila kusimama. Nilishikilia meza. Raundi ya pili, fungu la kumi, saa saba kasoro dakika ishirini, taa ikafifia mara moja, ikazima. Dakika ishirini kabla ya wakati. Kompyuta haina kumbukumbu ya kulala nayo. Ukikata umeme imesahau yote.

Nimepiga teke kreti la chupa za maabara. Chupa mbili zimevunjika na mguu umevimba. Mwalimu Mkuu alikuja kuona kelele za nini. Ni mtu mpole, mwoga, anayependa mambo yapite. Alitazama vigae, akanitazama mimi, akasema, "Pole, Mwalimu," akaondoka kwa ncha za vidole.

Wifi kafagia. Alifagia kwa utulivu, na ndiyo ilinikera zaidi.

Ijumaa, 19 Aprili

Umeme haukuja kabisa.

Jumatatu, 22 Aprili

IMEUNDWA. Saa saba kasoro robo. Raundi mbili, mafungu kumi na mawili, hakuna kosa hata moja. Mashine ikaandika programu kwenye kaseti mpya. Wifi ndiye aliyeitoa kaseti.

Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikaipa kaseti ile. Ikasoma. Dakika sita. Nikangoja neno.

Kioo cheusi.

Nikarudia. Cheusi. Taa ndogo nyekundu pembeni inawaka tu, inanitazama. Mashine haikusema imekosea wapi. Haikusema chochote.

Sijala.

Jumanne, 23 Aprili

Jua. Tangu asubuhi jua kali, mbingu safi. Watoto wameanika magodoro. Jirani anaimba. Nalichukia jua.

Wifi amefunga, ni siku za mwanzo za Shaabani. Alasiri aliniuliza kitabu kiko wapi, tuanze upya. Nimemwambia hakuna umeme. Akasema kitabu hakihitaji umeme.

Jumatano, 24 Aprili

Tumerudia mafungu manne ya kwanza. Anasoma, nasoma, anasikiliza. Sawa kabisa. Kila herufi ya kioo ni herufi ya kitabu.

Kivuko cha Rufiji kimeanza kuvusha magari madogo. Kaniambia mwalimu wa jiografia huku anacheka kwa furaha. Ana mke mjamzito na dawa hakuna hospitali. Nikacheka naye. Nimekuwa mtu gani mimi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mafungu manane. Sawa. Hakuna tofauti hata ya nukta.

Nimebadilisha waya wa redio-kaseti. Nimesafisha kichwa chake kwa spiriti ya maabara. Nimebadilisha kaseti. Nimeiunda upya? Sijaiunda, muda haukutosha. Niliipa mashine kaseti ile ile kwa mara ya kumi, kama mtu anayeangalia mtungi mtupu akidhani maji yatakuja.

Kioo cheusi.

Jumapili, 28 Aprili

Basi la kwanza limefika kutoka Nangurukuru, matope mpaka madirishani. Dereva anasema nyuma yake kuna malori saba. Moja ni la serikali, limebeba madawati mabovu na mashine za cherehani za shule za Kilwa. Kwa hiyo ndilo. Limeshaanza kukusanya.

Sina hata wiki.

Jumatatu, 29 Aprili

Siku mbaya. Niandike kama ilivyokuwa.

Tulimaliza mafungu manne ya mwisho saa tano na nusu. Sawa. Programu yote, kitabu chote, mara ya tatu, sawa. Nikaweka kichwa mezani. Nikasema kwa sauti kwamba basi ni mashine yenyewe iliyokufa, na mimi nimepoteza miezi minne kuvalisha maiti.

Wifi akachezea kijiti. Kisha akasema, taratibu, "Pale ukurasa wa sitini na moja pana sauti yake peke yake."

Nikamuuliza sauti gani.

"Kila mahali inakuja hii, halafu hii, halafu ile. Mara ishirini kitabu kizima. Pale tu ndipo ile ya pili imetangulia ya kwanza. Nikiisoma ulimi unataka kwenda kule, naukataza."

Nikafungua ukurasa wa sitini na moja. Fungu la tisa. Mistari miwili. Kila mahali pengine kwenye programu amri ni hizo: fungua njia ya kaseti, soma, funga. Pale imeandikwa soma, fungua, funga. Mashine inaambiwa isome kabla mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo inakaa mlangoni inangoja milele na kioo kiko cheusi. Mistari yote miwili ni halali, ndiyo maana haikulalamika. Mchapaji aliigeuza. Kitabu kimekosea.

Kitabu kimekosea.

Nikamuuliza amelijua hilo tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza aliyolisoma fungu lile. Wiki ya kwanza ya Aprili!

Nilipiga kelele. Nilimwita jina ambalo mke hamwiti dada wa mumewe, na sitaliandika. Nikamwambia angefungua mdomo siku ile, leo mashine ingekuwa macho na mimi ningekuwa binadamu. Akanijibu hivi, na uso wake haukubadilika: "Mimi nani nikusahihishie kitabu? Mimi nimesomeshwa kwamba kilichoandikwa kinasomwa kilivyo. Ukikuta pagumu, mgumu ni wewe."

Akafunga kijiti kwenye khanga, akaenda zake.

Nami nikabaki pale mpaka umeme ulipozima, na ubaya ni huu: ukurasa ule mimi nimeuandika kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyesoma hisabati. Mimi ndiye ninayejua maana ya fungua na maana ya soma. Nimeupita mara tano sikuona, kwa sababu nilikuwa natafuta makosa yangu tu. Nililelewa kwa fimbo ile ile ya chuo. Haikunijia hata siku moja kwamba kitabu kinaweza kukosea.

Jumanne, 30 Aprili

Hakuna umeme. Nimekwenda jikoni asubuhi, nikapiga magoti, nikamshika wifi miguu. Akanitazama juu ya sufuria. "Marahaba," akasema, kana kwamba nimemwamkia tu. Kisha akaniambia niondoke mlangoni, nampa moshi.

Nimechukua kalamu nikaigeuza mistari miwili kitabuni, mishale miwili ya wino. Mkono ulisita kweli kweli. Wifi alisimama nyuma yangu. Nilipomaliza alisema, "Astaghfirullah," halafu akasema, "Andika na pembeni, mwingine asije akapotea."

Nikaandika pembeni.

Lori liko Kiranjeranje. Limekwama.

Jumatano, 1 Mei

Mei Mosi. Nilisahau kabisa ni sikukuu. Uwanjani vipaza sauti, ngoma, gwaride, na vyote vinakula umeme ule ule mdogo. Saa tatu na dakika tano nikaanza. Nilibadilisha mistari miwili kwenye fungu la tisa, nikalihifadhi, nikaanza kuunda. Saa tatu na dakika kumi na saba.

Kila hotuba ilipopanda taa ilishuka. Wifi alikuwa mlangoni na tasbihi. Raundi ya kwanza ikapita. Saa tano taa ilififia mpaka picha ikawa nyembamba kama uzi, kisha ikarudi. Nje wanashangilia sijui nini. Fungu la nane. La tisa likapita.

Saa saba kasoro dakika ishirini na tatu: imeunda.

Nikazima. Nikawasha. Nikaweka kaseti. Dakika sita. Sikuangalia kioo, nilimwangalia wifi, na yeye aliangalia kioo.

Akasema, "Kimeandika."

Neno moja la Kiingereza, la kusema iko tayari. Na chini yake kijisanduku cheupe kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinaningoja mimi.

Tulipiga vigelegele mpaka Mwalimu Mkuu akaja mbio akidhani tumeungua. Nina furaha. Niandike hivyo tu, nina furaha.

Ijumaa, 3 Mei

Nimeiamsha tena leo kwa mara ya nne. Inaamka kila mara. Imenionyesha orodha ya kaseti, imenipigia hesabu, imehifadhi jina langu na la wifi na kuyarudisha. Nimenakili programu kwenye kaseti tatu. Taarabu imekwisha nyumbani kwetu.

Lori na lije. Jana usiku nililala usingizi wa kwanza tangu Januari.

Jumamosi, 4 Mei

Limefika saa kumi jioni. Ofisa ni kijana kiasi, mstaarabu, suti ya kaunda imejaa tope mpaka magotini. Kakaa kwa Mwalimu Mkuu akapewa chai bila sukari. Kasema ataangalia vifaa Jumatatu. Umeme upo Jumatatu. Kila kitu kimekaa sawa.

Jumatatu, 6 Mei

Saa tatu umeme ulikuja kamili, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nikamwamshia ofisa mashine mbele ya walimu wote. Dakika sita, neno, kijisanduku. Akainama. Akaomba kukaa. Anazijua kompyuta, alisomea nje. Akaandika hiki, akaandika kile, kila kitu kikamjibu. Akaniuliza programu mama niliipata wapi, maana ofisini kwao wana mashine tatu za aina hii, zote zimelala kwa kukosa hiyo. Nikamwonyesha kitabu. Nikamwonyesha ukurasa wa sitini na moja, mishale yangu, maneno ya pembeni. Nilikuwa najisikia mrefu. Nilimweleza yote, mpumbavu mimi, mafungu, raundi mbili, kaseti, mpaka mahadhi ya wifi.

Akavua miwani. Akasema, "Ndugu Mwalimu, hii ni kazi kubwa. Hii haiwezi kukaa huku."

Sikuelewa. Nilidhani anatania.

Mwalimu Mkuu, na nitamheshimu kwa hili mpaka nife, akasimama. "Lakini Ndugu, barua ilisema vilivyolala. Hii iko macho."

"Barua ilisema vilivyolala," ofisa akajibu, kwa upole kabisa, "kwa sababu hatukutegemea kukuta kilicho macho."

Akaniandikia karatasi. Kompyuta moja, televisheni moja, redio-kaseti moja, kaseti zote, kitabu kimoja. Kwa manufaa ya taifa zima, si ya shule moja. Akanipa kalamu yake nitie sahihi. Nikauliza kama naweza kubaki na kitabu, au kaseti moja tu. Akasema anasikitika, vifaa vyote pamoja na maandishi yake, ndivyo fomu inavyosema. Nikamwambia mwenye kitabu ameruhusu kila mtu anakili. Akasema hilo ni kweli na ni jambo jema, na nikiandika barua rasmi ofisini wataniletea nakala, bila shaka.

Nikatia sahihi. Kama isingeamka, angeiangalia mara moja akaitupa juu ya madawati na pengine kitabu angeniachia nifungie vitumbua. Mimi mwenyewe nimeiamsha. Mimi mwenyewe.

Jumanne, 7 Mei

Wameipakia saa mbili asubuhi. Wameifunga kwa magunia kati ya cherehani. Nimesimama mpaka mwisho ili waone nimesimama.

Sabuni imefika ushirika. Nimepata mche mmoja. Mama yule wa upele alikuwa mbele yangu kwenye foleni na mche wake mkononi, anacheka peke yake. Nimefurahi kwa ajili yake. Kweli nimefurahi. Kisha nimekwenda nyumbani nikajifungia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefundisha logaridhimu kidato cha tatu, vipindi viwili. Hakuna cha kuandika.

Jumapili, 12 Mei

Asubuhi tulivu. Wifi alikuwa uani anapepeta mchele, mimi nafua. Alikuwa anavuta mahadhi chini chini, kama kawaida yake, nami sikuwa nasikiliza. Kisha nikasikia namba. Nikaacha kufua.

Lilikuwa fungu la kwanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, namba na herufi, hakukwama.

Nikamuuliza ameihifadhi lini. Akasema hakuihifadhi. "Imekaa tu. Umenisomesha mara ngapi? Kitu ukikisoma hivyo kinakaa." Akauliza kama kuna ubaya. Nikasema hakuna.

Nikafuta mikono. Nikaleta daftari kubwa na kalamu, nikakaa kwenye mkeka karibu na ungo. Akaanza upya, polepole, kwa ajili ya mkono wangu. Nikaandika. Nilipomaliza ukurasa nilimsomea, naye alisikiliza amefumba macho, akagonga ungo mara moja tu, mahali nilipoandika saba badala ya moja.

Adhuhuri tulisimama akasali, tukala, tukaendelea. Fungu la kwanza limekwisha lote. La pili amesahau mistari minne katikati. Alijaribu kuirudia toka mbali, akaja nayo kwa kasi, ikamponyoka pale pale. Akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Nikamwambia taratibu, wifi, hakuna lori linalokuja.

Sijui tutaiweka kwenye mashine ipi. Hatuna mashine. Nimeziacha nafasi nne wazi kwenye daftari, tukaendelea na mstari unaofuata.